Kesi Isiyo na Msingi Haihitaji Kushinda Ili Ikufilisi

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo. Naiweka yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa Mwenyekiti, viongozi wa chama, mawakili mliokubali kuketi nasi, na ninyi wafanyabiashara wenzangu mliofunga milango ya kazi zenu mchana huu ili mje hapa: nawasalimu, tena nawashukuru. Najua mchana mmoja wa biashara iliyofungwa unagharimu nini. Basi sitazunguka.

Nina swali. Ni nani hapa amewahi kupokea barua ya wakili inayomtaka alipe, la sivyo ashtakiwe? Inueni mikono, msione haya. Asanteni. Sasa, kati yenu, ni wangapi mlilipa huku mkijua kabisa kwamba hamna kosa, ila mlitaka tu yaishe?

Mnaona wenyewe. Wahenga wetu walisema heri nusu shari kuliko shari kamili. Ni methali nzuri, imeokoa watu wengi. Lakini yule anayetushtaki bila msingi anaijua kuliko sisi tunavyoijua. Anajua utachagua nusu shari. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hiyo nusu anaiuza yeye, kwa bei anayoipanga yeye.

Naomba tuifanye hesabu yake pamoja. Tuseme kujitetea mahakamani hadi hukumu kutakugharimu kumi. Mdai anakuja na kukuambia: nipe nne, nitaiondoa kesi. Ukikataa, ukapigana, ukashinda, umetumia kumi. Ukikubali, umetumia nne. Haya, niambieni: katika hesabu hiyo, swali la kama una kosa au huna limeingia wapi? Halikuingia popote! Ukweli haumo. Sheria haimo. Kilichomo ni bei ya wakili tu. Ndiyo maana nasema, na nitarudia hadi mchoke: kesi isiyo na msingi haihitaji kushinda. Inahitaji tu kuwa ghali kujitetea dhidi yake.

Twendeni Washington, mji mkuu wa Marekani, mwaka 2005. Mume na mke, wahamiaji kutoka Korea Kusini, wanaendesha duka la dobi wakisaidiana na mtoto wao. Mteja analeta suruali irekebishwe. Kazi ya dola 10 na senti 50. Siku ya kuichukua suruali haipo. Baada ya siku chache inaonekana, dobi anaitoa, mteja anaitazama na kusema: hii si yangu.

Mpaka hapo, ni nani kati yetu hajawahi kuyaona? Mteja amekasirika, wewe unaomba radhi, mnapatana, maisha yanaendelea. Lakini mteja huyu alikuwa mwanasheria, na ndio kwanza alikuwa anaanza kazi ya ujaji katika mashauri ya kiutawala. Alianza kwa kudai zaidi ya dola 1,000, bei ya suti. Hakupewa, akaenda mahakamani.

Dukani mle mlikuwa na vibao vya kawaida kabisa. Kimoja kinaahidi mteja ataridhika. Kingine kinaahidi kazi inamalizika siku hiyohiyo. Mdai akaichukua sheria ya mji ule ya kumlinda mlaji, inayoruhusu dola 1,500 kwa kila ukiukaji. Akahesabu ukiukaji 12. Akazidisha kwa siku 1,200. Akazidisha tena kwa watu watatu: baba, mama, mtoto. Akaongeza fedha za kukodi gari kila wikendi kwa miaka 10, ili apeleke nguo zake kwa dobi wa mbali. Jumla ikafika dola milioni 67. Kwa suruali moja. Kabla ya kesi kusikilizwa akaipunguza hadi milioni 54, na nadhani alijiona amekuwa na huruma.

Wale wazazi hawakuwa wakaidi. Walitoa dola 3,000 wapatane. Akakataa. Wakapandisha hadi 4,600. Akakataa. Wakafika 12,000, fedha ambazo ungeweza kununulia suruali za kutosha kuvaa maisha yako yote. Akakataa.

Juni 2007 Jaji Judith Bartnoff alitoa hukumu. Alisema mlaji mwenye busara hawezi kuelewa kwamba kibao cha kuahidi kumridhisha mteja kinamfunga mfanyabiashara atimize kila dai hata likiwa halina mantiki. Mdai asipate hata senti. Alikata rufaa, akashindwa tena Desemba 2008. Mwaka 2020, miaka 15 baada ya suruali, mahakama ya rufaa ya mji huo ilimsimamisha uwakili kwa siku 90 kwa namna alivyoiendesha kesi hiyo.

Kwa hiyo haki ilishinda, siyo? Magazeti ya dunia nzima yalisema ilishinda. Watu walicheka, wakafungua ukurasa mwingine. Lakini gharama za utetezi zilipita dola 100,000. Familia ile iliokolewa na michango ya watu wasiowajua, kwa sababu kesi yao ilikuwa kituko na imepata umaarufu. Na Septemba 2007, miezi mitatu tu baada ya ushindi, walitangaza kwamba duka lile wameliuza. Walishinda kesi, wakalipoteza duka. Jiulizeni: kesi yako wewe, isiyo na kituko, isiyoandikwa na gazeti lolote, nani ataichangia?

Ndugu zangu, tukizungumzia madhara ya kesi hizi tunataja fedha kwanza, kwa sababu fedha zinahesabika. Nataka leo tukae kidogo kwenye yale yasiyohesabika.

Kampuni kubwa ikishtakiwa, barua inakwenda idara ya sheria, na mkurugenzi anaendelea na kikao chake. Kwako wewe, idara ya sheria ni wewe. Mhasibu ni wewe, ghala ni wewe, anayefungua mlango asubuhi ni wewe. Siku unayokwenda kusikiliza kesi ni siku ambayo hakuna kazi. Unafika, unakaa kwenye benchi kwa muda wa saa nne, kesi inatajwa, inaahirishwa, unarudi nyumbani. Mwezi ujao, hivyohivyo. Mdai ambaye kushtaki ndiyo kazi yake hapotezi siku. Kwake hiyo ni siku ya kazi. Wewe ndiye unayepoteza.

Halafu kuna mkopo. Unakwenda benki kuomba fedha za kupanua biashara. Kwenye fomu kuna swali: je, kuna kesi yoyote inayoendelea dhidi yako? Fomu haiulizi kama kesi hiyo ina maana. Unajibu ndiyo, kwa sababu wewe ni mkweli, na faili lako linawekwa chini kabisa ya mengine. Unataka kuuza biashara upumzike? Mnunuzi naye atauliza swali hilohilo. Kesi inaweza kukaa miaka bila kusikilizwa, na miaka yote hiyo wewe umesimama palepale.

Na wengi wetu hapa hatuna kampuni iliyosajiliwa kama nafsi ya kisheria. Biashara ni mimi, mimi ni biashara. Maana yake ni kwamba hukumu ikitoka dhidi ya biashara, imetoka dhidi yangu. Akiba yangu imo. Nyumba ninayolala na watoto wangu inaweza kuwamo. Mtu mwenye mzigo huo kichwani halali. Anakuwa mkali kwa wafanyakazi, anakuwa mkimya nyumbani. Mke au mume anauliza kuna nini, anajibu hakuna kitu. Nimewaona watu wazima, wafanyabiashara wa miaka mingi, wakitetemeka kwa kuona tu bahasha yenye mhuri wa ofisi ya mawakili. Bahasha yenyewe hawajaifungua!

Kuna hasara nyingine isiyoandikwa kwenye hati yoyote, nayo ni yale ambayo hatuyafanyi tena. Aliyeshtakiwa mara moja kwa ajili ya ahadi huondoa ahadi zote ukutani. Aliyeshtakiwa na kibarua aliyeondoka mwenyewe huogopa kuajiri tena. Bidhaa mpya haitengenezwi, kijana aliyekuwa apewe kazi hapewi, na mteja mwema aliyezoea kuhudumiwa kwa kuaminiana anaanza kusainishwa karatasi. Wote hao wamelipia kesi ambayo hawaijui. Kesi ilipofunguliwa mtaa mzima ulisikia. Ilipotupwa, nani alisikia?

Sasa niseme juu ya wale walioifanya shughuli hii kuwa biashara kamili, maana mdai wa suruali alikuwa mtu mmoja mwenye hasira zake. Hatari kubwa zaidi ni wale wasio na hasira yoyote.

Jimbo la California, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilikuwa na sheria ya ushindani usio wa haki iliyomruhusu mtu yeyote kushtaki kwa niaba ya umma, hata kama yeye mwenyewe hajaumizwa na chochote. Nia ilikuwa njema. Lakini ofisi moja ya mawakili ikaona upenyo. Ikachukua kumbukumbu za umma za serikali zinazoonyesha gereji zipi zimewahi kukosea kitu fulani, mara nyingi kitu kidogo cha makaratasi, ikazishtaki kwa makundi. Gereji, mikahawa, maelfu ya biashara ndogo. Wengi wa wenye biashara hizo walikuwa wahamiaji ambao Kiingereza cha mahakama kiliwapita kando. Baada ya samansi, yaani hati ya kukuita mahakamani, inakuja barua: lipa maelfu kadhaa ya dola tuyamalize, maana kujitetea kutakugharimu zaidi. Mnaikumbuka ile hesabu yetu ya kulipa nne ili usitumie kumi? Hiyo hapo, imeandikwa kwenye karatasi yenye nembo.

Wenye gereji walifanya nini? Wengine walilipa. Lakini wengine walianza kuulizana. Wewe umepata barua? Na mimi. Inasemaje? Wakaziweka pamoja, wakaona maneno ni yaleyale, wakapeleka malalamiko serikalini na kwa wawakilishi wao. Mwaka 2003 mwanasheria mkuu wa jimbo akaishtaki ofisi ile, na katika mwaka huohuo mawakili wake wakajiuzulu uwakili. Novemba 2004 wananchi wa California walipiga kura wakaibadilisha sheria: kuanzia hapo, anayeshtaki chini ya sheria ile lazima aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameumia na amepoteza fedha au mali. Sharti moja tu. Na lile lango likafungwa.

Wengine hata mahakamani hawafiki. Miaka ya 2012 na 2013 kampuni moja ya Marekani iliyonunua hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, ilituma barua kwa zaidi ya biashara ndogo 16,000. Barua zilisema: kama ofisini kwako mnaskani karatasi na kuituma moja kwa moja kwa barua pepe, mnatumia uvumbuzi wetu, tulipeni dola 1,000 hadi 1,200 kwa kila mfanyakazi. Fikirini hilo! Mtu amenunua mashine yake dukani kwa fedha zake, anabonyeza kitufe, anaambiwa ni mwizi. Jimbo la Vermont liliishtaki kampuni hiyo Mei 2013, na mwezi huohuo likawa jimbo la kwanza kutunga sheria dhidi ya madai ya hataza yanayotolewa kwa nia mbaya. Tume ya Biashara ya serikali kuu nayo ikaingilia, na mwaka 2014 ikafikia makubaliano yaliyoizuia kampuni ile isiendelee na vitisho vya uongo. Kwa mujibu wa Tume, barua zilitishia kesi ambazo watumaji hawakuwa wamejiandaa kuzifungua. Naomba sentensi hiyo muiondoke nayo hapa. Walitishia kesi ambazo hawakuwa wamejiandaa kuzifungua.

Hapa nabadilisha upande, na huenda baadhi yenu hamtafurahi. Nitasema hivyohivyo, kwa sababu chama chetu kikilisahau hili kitapoteza heshima.

Wengi mmesikia habari ya bibi wa Marekani aliyejimwagia kahawa ya McDonald's akapewa mamilioni. Inasimuliwa kila penye kikao cha wafanyabiashara kama mfano wa kesi ya kipuuzi. Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ilikuwa Albuquerque, mwaka 1992. Bibi alikuwa na miaka 79, ameketi kwenye gari lililosimama. Aliungua vibaya mapajani na sehemu za siri, ngozi ikateketea mpaka ndani kabisa, akalazwa siku 8 na kufanyiwa upandikizaji wa ngozi. Aliomba takriban dola 20,000 za matibabu na gharama zake. Kampuni ikampa 800. Mahakamani ikabainika kwamba kampuni ilikuwa imeshapokea malalamiko kama 700 ya watu waliounguzwa na kahawa yake, na bado iliendelea kuagiza iwekwe kwenye joto lilelile. Mwaka 1994 baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi, ingawa lilisema naye alichangia asilimia 20 ya kosa. Jaji akazipunguza zile fedha sana, na mwisho wakapatana nje ya mahakama.

Je, hiyo ni kesi isiyo na msingi? Hapana! Huyo ni mtu aliyeumizwa, aliyejaribu kupatana, akadharauliwa. Mahakama ipo kwa ajili ya mtu kama huyo. Na kesho mtu kama huyo anaweza kuwa mama yako, au wewe mwenyewe, unapomdai mteja mkubwa anayekataa kukulipa. Mlango wa mahakama ukifungwa kwa hasira zetu, sisi wadogo ndio tutakaobaki nje. Wakubwa wana milango mingine.

Ni vivyo hivyo kwa kesi za watu wenye ulemavu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayowalinda haimpi mdai binafsi fidia ya fedha. Inampa amri ya kwamba mlango urekebishwe, pamoja na ada ya wakili wake. California iliongeza juu yake fidia isiyopungua dola 4,000 kwa kila ukiukaji, na hapo zikazaliwa ofisi zinazofungua kesi kwa maelfu, hati zikifanana neno kwa neno. Aprili 2022 waendesha mashtaka wa San Francisco na Los Angeles waliishtaki ofisi moja ya namna hiyo. Agosti mwaka huohuo kesi yao ikatupwa, kwa sababu yanayoandikwa kwenye hati za mahakama yana kinga ya kisheria. Inauma, lakini sikilizeni: mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu anayeshindwa kuingia kwako hana kosa lolote. Ngazi ni zako, na mlango mwembamba ni wako. Mwaka 2012 California ilifanya jambo la busara, ikapunguza kiwango cha chini cha fidia kwa biashara ndogo inayorekebisha kasoro haraka. Aliyeumia anapata mlango, na mfanyabiashara anapata nafasi ya kuutengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tunaweza kuuziba wenyewe kabla hajaja mtu kuupigia picha.

Basi tufanye nini? Nitasema haraka pale ambapo mnajua, na nitakaa pale ambapo naona tunaanguka.

Tunaanguka kwenye samansi. Mtu anapokea hati ya wito, anaona madai ni ya kijinga, anaitupa kwenye droo. Anasema: hakuna hakimu atakayeamini upuuzi huu. Lakini hakimu hatauona upuuzi huo ukipingwa, kwa sababu wewe hukwenda! Muda wa kuleta utetezi unapita, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, anaipata. Sasa dai la kijinga limekuwa deni halali lenye muhuri wa mahakama. Kuibatilisha hukumu hiyo kunawezekana, lakini utalipa wakili kwa kazi ambayo usingeihitaji. Tafadhali, tafadhali: siku unayopokea samansi, andika tarehe uliyoipokea, hesabu siku ulizopewa, na mtafute wakili ndani ya wiki hiyo. Barua ya vitisho unaweza kuisoma ukaipumzisha siku mbili ukitafakari. Samansi usiipumzishe.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nanyi mnajua kuisema methali hiyo kuliko kuifuata. Risiti, tarehe, saini ya mteja alipopokea mzigo, ujumbe wa simu ambao hukuufuta. Kesi nyingi za uongo hufa siku wakili wako anapoweka karatasi moja mezani. Mdai wa kibiashara hataki mshtakiwa mwenye karatasi. Ana barua nyingine za kutuma.

Barua ikija, usilipe siku hiyo, na usipige simu kwa hasira. Jibu kwa maandishi, kwa upole, uliza: ni kifungu gani cha sheria, ni tarehe ipi, nani aliumia, ushahidi uko wapi? Mwenye dai la kweli atakujibu, na hapo zungumza naye kwa moyo safi, umlipe anachostahili. Wale wengine wengi hawatajibu. Na kama una bima ya dhima, ile ya kukukinga na madai ya watu wengine, isome leo usiku uone kama inalipia wakili wa utetezi au inalipia fidia tu, na kama inataka uitaarifu ndani ya muda fulani. Watu wamekuwa na bima miaka mingi, wakachelewa kutoa taarifa, bima ikawakataa.

Mahakama nazo zina zana, ila lazima mtu aziombe. Wakili wako anaweza kuweka pingamizi la awali ili kesi isiyoonyesha dai lolote la kisheria itupwe kabla ya kusikilizwa mashahidi. Mdai asiye na mali au anayeishi nchi nyingine, unaweza kuomba aweke dhamana ya gharama za kesi. Na mtu aliyezoea kushtaki bila msingi anaweza kuzuiwa asifungue kesi mpya bila ruhusa ya mahakama. Uingereza ilitunga sheria ya hilo mwaka 1896, na California mwaka 1963.

Swali gumu zaidi ni nani alipe. Katika nchi nyingi anayeshindwa hubeba gharama za aliyeshinda, angalau sehemu yake. Marekani kila mmoja hujilipia wakili wake, ashinde ashindwe, isipokuwa sheria iseme vinginevyo, na ndiyo maana mifano yangu mingi ya leo imetoka huko. Wana kanuni ya kumwadhibu wakili anayeleta kesi isiyo na msingi katika mahakama za serikali kuu. Mwaka 1983 waliikaza. Mwaka 1993 wakailegeza, wakampa siku 21 za kuiondoa hati yake bila adhabu. Kwa maoni yangu siku hizo 21 ni zawadi kwa anayebahatisha: akibanwa anaondoka, na wewe umeshamlipa wakili. Lakini nao utaratibu wa anayeshindwa alipe una ubaya wake. Mtu maskini mwenye dai la kweli anaogopa kujaribu, na tapeli asiye na kitu haogopi chochote kwa sababu hana cha kulipa. Kwa hiyo mimi siamini kuna kanuni moja itakayotuponya. Naamini katika yale mawili yaliyoonekana kufanya kazi: mdai aonyeshe ameumia yeye mwenyewe, na mfanyabiashara mdogo apewe muda wa kurekebisha kasoro kabla ya fidia kuanza kuhesabiwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, azimio ninaloliwasilisha limebeba hayo mawili, ili yapelekwe kwa wawakilishi wetu. Limeongeza na jambo la ndani ya chama: kila mwanachama anayepokea barua ya madai alete nakala kwa katibu, jina lake likifichwa akitaka, ili barua zinazofanana zionekane mapema na mawakili wetu wazijibu kwa pamoja kwa gharama moja. Wenye gereji wa California waligundua barua zao zinafanana baada ya wengi kuwa wameshalipa. Nakala za azimio zinapita sasa kutoka upande wa kushoto. Lisomeni, mpinge mnapotaka kupinga, kisha Mwenyekiti atatupigisha kura. Katibu atakaa meza ya nyuma hadi jioni, na ameanza kupokea barua tangu asubuhi.